Wakazi Wote wa Pondamali

Nchi yetu haina mwongo hata mmoja serikalini. Chekeni tu, mimi sina haraka. Mkimaliza kucheka njooni mtafute, na mkimpata mmoja nitawapikia biriani mle mpaka mlegee.

Mimi naitwa Siwema, fundi cherehani. Nilikuwa nikikaa Mtaa wa Pondamali, nyumba yangu na ya Bi Kibibi zikiegemea ukuta mmoja. Akikohoa yeye, pole natoa mimi. Nikikosa chumvi, nagonga ukuta kwa mkasi, na chumvi inazunguka mlangoni kabla sufuria haijachemka. Mungu hakunijalia mtoto wa tumbo, lakini marehemu dada yangu aliniachia wake, Hashil, nikamlea mimi na Bi Kibibi tukipokezana. Huyo Hashil ndiye mwenye hadithi hii. Mimi ni mama mdogo wake tu.

Sasa sikilizeni jinsi uongo ulivyokwisha kwetu.

Viongozi wetu wa zamani walidanganya sana, tena bila hata kujisumbua. Tukachoka. Tukatoka barabarani wake kwa waume na masufuria na miko, tukagonga mpaka Mkuu wa Nchi akakosa usingizi wake wa mchana. Akatokeza kwenye roshani, akauliza kama tunataka mkate, maana hotuba ya mkate alikuwa nayo tayari mfukoni. Tukamjibu kwa sauti moja, "Hatutaki mkate! Tunataka kweli tupu!"

Mkuu wetu ni msikivu. Akatia saini Sheria ya Kweli Tupu siku ile ile: kiongozi yeyote akitamka hadharani sentensi isiyo ya kweli, anavuliwa cheo na viatu papo hapo, anakwenda kwao peku.

Loo, mngeiona wiki ile! Waziri wa Maji alisema maji yatatoka kesho, na kesho yake alipita mbele ya baraza yangu kakunja suruali, anaruka kokoto kwa ncha za vidole. Aliyemfuata ni Waziri wa Afya, halafu Msemaji wa Serikali, ambaye kosa lake lilikuwa kufungua mdomo tu. Tukawa tunatoka nje na viti kuwatazama wanavyopita.

Waliobaki wakaingiwa na hofu, ofisi zikawa kimya. Ukimwambia karani "Habari za asubuhi?" anakukodolea macho, kwa sababu akijibu "Nzuri" na nyumbani mtoto ana homa, viatu vimekwenda. Mwisho wakagundua kwamba "Shikamoo" haina kweli wala uongo ndani yake. Ni heshima tu, haikufungi. Basi ikawa vigogo wanamwamkia kila mtu. Nilimwona kwa macho yangu Mkuu wa Mkoa, mzee wa mvi, akimwambia kijana mfagizi, "Shikamoo, bwana." Kijana akaitikia "Marahaba" na kuendelea kufagia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikujua kwamba neno lile siku moja nami litanihusu.

Hapo ndipo Hashil wetu aliporudi kutoka masomoni. Alikuwa amesomea mantiki. Bi Kibibi aliniuliza mantiki ni ugonjwa gani, nikamwambia si ugonjwa, ni elimu ya kupanga maneno yasigombane. "Basi serikali itampenda," akasema Bi Kibibi. Wakampenda kweli. Wakamfungulia Wizara ya Mantiki, wakamfanya Mkurugenzi, na hiyo suti aliyoapia nilimshonea mimi.

Mwanangu alifanya maajabu. Mwezi haukuisha, viongozi wakarudi redioni na viatu vimeng'arishwa. Waziri mpya wa Maji akatangaza, "Ndugu wananchi, kesho ama maji yatatoka, au hayatatoka." Kesho ikafika, na neno lake likawa kweli. Waziri wa Fedha akasema, "Jua likichomoza magharibi, mishahara itapanda maradufu." Akaulizwa kama hilo ni kweli, Wizara ya Mantiki ikathibitisha kwamba ni kweli, kwa kuwa jua halijachomoza magharibi hata mara moja, na hivyo hakuna siku ambayo serikali imevunja ahadi hiyo. Waziri mpya wa Afya naye akajisifu kwamba kila mgonjwa aliyelazwa katika hospitali yetu mpya ametoka akiwa mzima. Hospitali yenyewe haikuwa na paa, na hakuna aliyewahi kulazwa humo isipokuwa mbuzi wa jirani.

Jumapili moja alikuja kula kwangu. Nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula chake tangu utotoni. Nikamwuliza, "Hebu, baba, ile habari ya hospitali si uongo ule?"

"Siyo, Mama mdogo. Ukisema 'wote' au 'kila' juu ya kitu ambacho hakipo, umesema kweli daima. Nani atakupinga? Atakuletea mgonjwa gani wa kukuumbua?"

"Hata nikisema tembo wote waliomo chumbani mwangu wanavuta sigara?"

"Mna tembo mle?"

"Weee! Niwaweke wapi?"

"Basi wote wanavuta. Wataalamu huiita kweli tupu." Akalamba vidole. "Kuna kweli yenye kitu ndani, na kuna kweli tupu. Nyinyi barabarani mlidai ipi?"

Nikacheka mimi, mjinga wa Mungu. Bi Kibibi akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, "Muulize na wale simba wangu!" Tukacheka sote watatu, na nyumba mbili zikasikika kama moja. Nilijiona nimezaa.

Kisha ukaja uvumi wa mnara. Serikali ilitaka kujenga Mnara wa Ukweli, mrefu kuliko jengo lolote nchini, kwa heshima ya wananchi waliodai ukweli. Na mahali palipofaa kuliko pote ni Pondamali, kwa sababu Pondamali ndiko masufuria yalikogongwa kwa nguvu zaidi. Ukipenda heshima, ndiyo hiyo.

Watu wakaanza kufunga mizigo. Bi Kibibi alikuwa na bahati, kaka yake alikuwa na chumba kizuri kule Mwambani na akamwambia awahi kabla hajampa mtu mwingine. Akafunga vyungu vyake, akafunga na ile picha ya harusi. Siku serikali ilipotuita mkutanoni, mizigo ilikuwa mlangoni.

Hashil akaja mwenyewe. Akasimama juu ya meza yangu ya kukatia nguo, ndani ya suti yangu, akasema polepole kama mtu anayepita kwenye utelezi:

"Wakazi wote wa Pondamali hawatahamishwa."

Vigelegele! Hata kuku walikimbia. Bi Kibibi akanyoosha mkono. "Yaani, mwanangu, hatuhami?"

"Bi Kibibi, mama yangu, nimesema wakazi wote wa Pondamali hawatahamishwa. Ikiwa sentensi hiyo si kweli, mtaniona napita hapa peku."

Bi Kibibi akanigeukia. "Shoga, mimi maneno ya wasomi yananipita juu. Nimwamini?"

"Kibibi wewe! Huyu si wako pia? Kafungue mizigo."

Akafungua. Chumba cha Mwambani akapewa mtu mwingine. Bi Kibibi akanunua chokaa, akaipaka nyumba yake nje na ndani, na ule ukuta wetu akaupaka pande zote mbili kwa mkono wake. Nikamwambia upande wangu nitapaka mwenyewe, akaninyamazisha.

Matingatinga yalikuja baada ya Idi, nguo za sikukuu hazijafuliwa. Watu walifikiri yamepotea njia, kuna hata waliojitokeza kuyaelekeza. Nyuma yake akashuka Hashil, na maofisa wawili wamebeba ubao mweusi.

"Wananchi watukufu," akasema, "msiwe na wasiwasi, serikali haisemi uongo. Hebu tusaidiane. Mwalimu akisema, 'Wanafunzi wote hawakufaulu,' ina maana kila mmoja ameanguka?"

Mtu mmoja, mwalimu mstaafu, akajibu kwa mazoea tu, "La. Yaweza kuwa si wote waliofaulu. Wengine wamefaulu, wengine hawakufaulu."

"Ahsante, mwalimu!" Akachora alama zake ubaoni, herufi zilizopinduliwa miguu juu. "Vivyo hivyo, 'wakazi wote hawatahamishwa' maana yake ni kwamba si kweli kuwa wote watahamishwa. Akibaki mkazi mmoja tu, sentensi yangu imesimama."

Ngurumo za injini tu.

"Lakini ulijua sisi tumeelewa vipi," nikasema. "Hashil, ulijua."

"Mama mdogo, sheria inahusu sentensi. Haihusu mnavyoelewa."

"Na huyo mmoja atakayebaki ni nani?" Bi Kibibi akauliza.

Jamani. Mwanangu alinitazama akatabasamu, tabasamu lile lile la siku alipokuwa akiniletea matokeo ya shule. "Nimemchagua Mama mdogo," akasema. Alisema mbele ya mtaa mzima, kwa furaha, kama anayenikabidhi zawadi. Nadhani kwake ilikuwa zawadi kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Watu wote wakageuka kunitazama. Bi Kibibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Kumbe." Halafu akasema, "Siwema, uliniambia nifungue mizigo."

"Kibibi, wallahi sikujua."

"Uliniambia nifungue."

Wakampandisha kwenye lori na vyungu vyake, mikono bado ina chokaa.

Nyumba yake ilianguka asubuhi ile ile. Nikamkimbilia ofisa wa matingatinga, nikamwambia, baba, huu ukuta ni wetu sote wawili, ukiubomoa na mimi nitabaki nje. Akauliza kwa adabu ukuta ulijengwa na nani. Nikasema ulijengwa na marehemu mume wa Bi Kibibi. "Basi ni wa Bi Kibibi, na Bi Kibibi anahamishwa," akasema. "Wewe umeahidiwa kutohamishwa, mama. Ahadi haikutaja kuta." Akanipa shikamoo, akabomoa.

Basi nikawa Mkazi. Hilo ndilo jina nililopewa, na kibao wakanisimikia: MKAZI WA PONDAMALI, HAJAHAMISHWA. Nyumba ina kuta tatu, upande wa nne ni uwanja mtupu mpaka barabarani. Nikishona, nchi nzima inaniona. Wageni wa serikali walikuwa wanaletwa kunitazama, wananipungia mkono kutoka kwenye magari, na Hashil anawaeleza kwamba mnaona, neno letu ni neno. Wakaniwekea na askari, Afande Ngwali, ili serikali isije ikanihamisha kwa bahati mbaya. Alikuwa anakaa juani siku kutwa akiniuliza kama nina maji ya kunywa.

Nikikosa chumvi nilikuwa nashika mkasi, nainua mkono, halafu nakumbuka. Niliumia, sitaficha. Nimewahi kuzika dada, nimewahi kuzika mume, lakini wao hawakunitoka kwa kunidhania ubaya.

Hashil alikuja mara moja na kikapu cha matunda. Akasema ameleta maembe mabivu kwa ajili yangu peke yangu. Nikamwuliza, "Bi Kibibi yuko wapi?"

"Serikali imewapa eneo kule Chumvini."

"Kuna nyumba?"

"Nyumba zote zilizoko Chumvini zina umeme, Mama mdogo."

Nikawakumbuka wale tembo wa chumbani mwangu. Kisha nikamwambia achukue maembe yake aende.

Siku mbili tatu baadaye nikasikia magurudumu. Bi Kibibi! Anasukuma mkokoteni, na wanawake wengine wawili wa mtaani nyuma yake, wamekunja kanga kiunoni. Amekonda, na ngozi imempauka kwa chumvi ya huko. Nikasimama na kipande cha kitambaa mkononi, nikashindwa hata kumkaribisha.

"Sijaja kukusamehe," akasema. "Nimekuja kukuhamisha."

"Kunihamisha?"

"Si alisema wote hatutahamishwa? Sisi tumekwisha kuhamishwa, umebaki wewe. Ukihama mwenyewe watasema umehama, hukuhamishwa. Basi nakuhamisha mimi. Kwa nguvu, ukitaka. Nataka nimwone peku."

"Kibibi, mimi sikujua, haki ya Mungu."

Akaitazama ile nafasi palipokuwa na ukuta. Kisha akanitazama mimi, kwa muda. "Ungejua, ungekuwa umeshona pazia," akasema. "Shika huko, cherehani nzito."

Afande Ngwali akasimama, akajikuna. Akasema amri aliyopewa ni kuzuia serikali isinihamishe, na hawa kina mama hawafanani na serikali. Akabeba meza ya cherehani mwenyewe. Mimi nikapandishwa juu ya mkokoteni ili isije ikasemwa nilitembea, nikapita mjini nimekaa juu ya godoro langu, na watu wanashangilia pande zote mbili. Wazee wakatoka nje na viti. Kila mtu alijua maana yake: Pondamali hakuna aliyebaki, sentensi imeanguka, Hashil anakwenda kupita peku.

Mtanishangaa, lakini njiani nililia. Nilikuwa namwona ana miguu midogo, anaogopa mchanga wa moto, nambeba.

Tulisubiri Chumvini, mbele ya redio moja, watu wa Pondamali wote. Nyumba hakuna, kuna maturubai. Sauti ya Hashil ikaja, tulivu.

"Wizara ya Mantiki imepokea malalamiko ya wananchi kwamba sentensi yetu ilisomwa kinyume na walivyoielewa. Serikali ni sikivu. Kuanzia leo, sentensi hiyo itasomwa kama wananchi wenyewe walivyoielewa tangu mwanzo: wakazi wote wa Pondamali, kila mmoja wao bila kumbagua yeyote, hatahamishwa. Tumechunguza Pondamali. Hakuna mkazi. Hivyo hakuna mkazi anayehamishwa wala atakayehamishwa. Sentensi ni kweli tupu."

Redio ikapiga wimbo wa taifa. Baadhi yetu walipiga makofi, masikini, kwa kuwa walisikia "hatahamishwa". Bi Kibibi akazima redio. Wiki hiyo hiyo Hashil akawa Waziri.

Mnara ulipokwisha, wakanitafuta. Gari jeusi mpaka Chumvini. Mama mlezi wa Waziri lazima akae mbele siku ya uzinduzi, wakasema, na aseme maneno mawili ya baraka, taifa zima litasikia. Nikawaambia nakwenda na shoga yangu. Bi Kibibi akaniuliza utasema nini, nikamwambia nitasema kweli.

Mnara ni mrefu, siwezi kuubeza. Ndani hamna kitu, ni ngazi tu. Nilikadiria kwa macho, na jukwaa lilikuwa pale pale palipokuwa na ukuta wetu. Hashil akanishika mkono kunipandisha, akaniweka mbele ya kipaza sauti. Alikuwa amenenepa, suti yangu imembana mabegani. Mtangazaji akaniuliza, "Mama, taifa lingependa kusikia habari za mwanao."

Nikasema, "Watoto wangu wote ni wakweli. Hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyewahi kunidanganya."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mkuu wa Nchi akasimama. Vigelegele, tarumbeta, mizinga. Hashil peke yake hakupiga makofi. Nilimwona tabasamu likimtoka polepole, kuanzia machoni, na nikajua amefika chumbani kwangu kwenye wale tembo.

Akaja karibu, akasahau kipaza sauti kiko wazi. "Mama mdogo," akasema, "na mimi je?"

Nilipiga magoti miaka mingi kumvalisha viatu mtoto huyu. Nikapiga tena, taratibu, mbele yake, na uwanja mzima ukanyamaza.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Akamtazama Mkuu wa Nchi. Akatazama watu, akatazama na viatu vyake. Taifa lilikuwa linasubiri.

"Marahaba," akasema.